Pete, Kiberiti na Silikoni

Tangu ilipotoka Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, istilahi za kemia zimeongezeka. Lakini neno pete, ambalo wafasiri hulikimbilia, lastahili kuhojiwa. Mwanafunzi wa Handeni au Korogwe ajua kuwa pete ni kitu kimoja kisicho na viungo, nacho kito hukaa juu yake. Katika kemia sivyo. Unga wa salfa unaopulizwa katika mikorosho una molekuli za atomu 8 zilizoshikana hata zikafunga duara. Liko na duara la atomu 6, 3 za silikoni na 3 za salfa, zikipokezana. Hizo ni shanga za rangi mbili katika uzi mmoja, si pete.

Unyevu ukiingia, oksijeni ya maji huipokonya salfa nafasi yake, kwa kuwa huishika silikoni kwa nguvu zaidi. Na harufu ya mayai viza husikika. Ndiyo maana chembe za kwazi katika mchanga wa mto Pangani, upitao Korogwe, ni silikoni na oksijeni. Shanga zaweza kulieleza hilo, pete haiwezi.

Kiberiti, neno la asili ya Kiarabu, lilikuwa na maana ya salfa. Leo aliombaye dukani hupewa njiti za kuwashia moto. Salfa limeshinda kwa haki. Silikoni halijatulia: ni jina la elementi, na pia la gundi ya kuzibia madirisha. Kuliita la pili silikone hakutoshi, kwani sikio la darasani halitaishika tofauti ya irabu moja.