Fundi wa Kesho

Kando ya barabara iendayo Narok, sokoni Longisa, yuko muuza vitabu anayetandaza bidhaa zake juu ya gunia. Nilichutama kupekua: miongozo ya riwaya ya Nguu za Jadi, mitihani ya majaribio ya KCSE, Biblia zilizochanika majalada. Nikamuulizia Walenisi ya Katama Mkangi.

"Iko kwa silabasi, mwalimu?"

Haimo.

"Basi hiyo haitembei."

Sikumlaumu, ana karo za watoto. Ila riwaya hiyo ya mwaka 1995 ni kazi ya fundi wa aina adimu kwetu, yule anayechukua sayansi na kesho na kuzifumia hadithi kwa Kiswahili. Dzombo, mhusika mkuu, amehukumiwa kufa. Anatiwa ndani ya chombo cha angani kinachokusudiwa kumwangamiza, naye anajifunza kukiongoza hadi anatua katika nchi ya watu walio sawa. Mwandishi mchanga angetulundikia vyuma na taa. Kilichonikaa mimi ni mtu aliyekatiwa tamaa na wakubwa, yuko peke yake na mitambo asiyoizoea, akiisoma kwa sababu uhai wake umo humo. Nimewahi kuisoma sehemu hiyo kwa sauti darasani, alasiri ya joto, na hata wale wa nyuma waliacha kusinzia.

Mkangi aliujua mlango unaofungwa kwa nje. Mwaka 1986, akiwa mhadhiri wa sosholojia Chuo Kikuu cha Nairobi, serikali ilimweka kizuizini bila kesi, wakati wa msako wa Mwakenya, kundi la siri la wapinzani. Alikuwa tayari ametoa Ukiwa (1975) na Mafuta (1984). Alipotoka akaendelea kufundisha, na mwaka 1997 akagombea urais, kura zake zikawa chache mno. Huo ndio utumishi wa mwandishi wa namna hii: mshahara unatoka darasani, riwaya inaandikwa kwa saa za kuibia. Mwaka 2004 akafariki katika ajali ya barabarani. Mtu aliyemvusha Dzombo anga zima, barabara zetu zikamshinda.

Hakuanza yeye. Shaaban Robert alikwisha kuitundika nchi ya Kusadikika hewani mwaka 1951, tena bila injini, na wala hatukumdai injini. Ugenini, H. G. Wells, aliyewahi kuwa mwanagenzi katika duka la vitambaa kabla ya kusomea biolojia, alitoa riwaya yake ya mashine ya kusafiri katika wakati mwaka 1895, miaka mia moja kamili kabla ya Walenisi. Yake haijakoma kuchapishwa. Yetu naiulizia juu ya magunia.

Wala tusiseme mambo hayo ni ya Wazungu wenye roketi. Mei 2023, huko Kericho, waandamanaji walichoma moto mashine za kuchuma chai zilizokuwa zikiwanyang'anya watu vibarua. Mashine imeingia shambani, mchumaji amebaki na kikapu kitupu: kwa Mkangi hapo pangekuwa na sura nzima, na angetaka kujua mashine ni ya nani kabla ya kutueleza inavyokata majani. Sisi tuliisoma gazetini kama habari ya uhalifu na hasara, tukafungua ukurasa wa michezo.

Mwaka huo niliwapa kidato cha tatu waandike insha kuhusu Kericho ya mwaka 2060. Wengi walileta magari yanayopaa. Mmoja alileta bibi yake, ambaye huingia shambani usiku, mashine zikiwa zimezimwa, na kuchuma majani mawili na chipukizi kwa vidole ili mkono usisahau. Nilimpa kumi na nane kwa ishirini, nikamsihi airefushe iwe hadithi kamili. Akasema ataiandika likizoni. Likizo ikaja, na shule ikaitumia kwa masomo ya ziada ya hesabu na kemia.