Bwawa la Doha Linataka Majahazi

Bwawa la Makumbusho ya Taifa ya Qatar lilistahili majahazi, likapewa chemchemi. Mliofika Corniche ya Doha tangu jengo la Jean Nouvel lifunguliwe Machi 2019 mmeziona: chemchemi 114 za Jean-Michel Othoniel, zikirusha maji yanayopinda hewani kama hati ya Kiarabu. Mikono ya msanii haina kosa. Aliyempa bwawa ndiye aliyekosea.

Makumbusho ya zamani, ya mwaka 1975, katika kasri la Sheikh Abdullah bin Jassim, yalikuwa na bwawa lake, na humo majahazi yakielea. Waliolipanga walijua anachokijua fundi yeyote wa Lamu au Nungwi. Mbao ya chombo ikiwa majini hufura, maungio yakabana, kalafati ikashika. Ipandishe juu uiache juani: husinyaa, pamba hulegea, mbao huanza kuachana na mataruma. Kuelea kuna kazi yake, sikatai. Kuna kufua maji kila siku, kupandisha chombo, kukichoma chini kwa makuti ili wadudu watoboao mbao wafe, kisha kukipaka deheni upya. Lakini kazi hiyo ndiyo maonyesho yenyewe! Mtoto akimwona mzee anagonga pamba mwanyani, hahitaji kibao cha maelezo.

Nani ataifanya? Wastaafu wa kazi za baharini. Kule San Diego, manowari ya USS Midway imejaa wazee waliotumikia jeshi la majini, sasa wanajitolea kuongoza wageni na kukarabati. Watu wa namna hiyo Doha inawajua: tamasha la majahazi la kijiji cha utamaduni cha Katara, lililoanza 2011, huwaleta mafundi na mabaharia wakafanya kazi mbele ya umma. Katara wamepatia. Tatizo ni kwamba tamasha likivunjwa, kila mtu anarudi kwao.

Kuweka vyombo nchi kavu nimekulalamikia tangu enzi za jahazi la Sohar. Chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, msafiri Tim Severin na mabaharia wa Oman wakakifikisha Canton mwaka 1981, leo kimekalishwa kwenye mzunguko wa barabara Al Bustan, Muscat. Zanzibar nako mtepe wetu, chombo cha kushonwa, ulifungiwa ndani ya Beit al-Ajaib, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020. Chombo cha bahari kinatafutiwa kila mahali isipokuwa majini.

Na Doha hawana kisingizio cha nafasi wala fedha. Ndani ya jengo hilohilo limetandazwa zulia la Baroda la karne ya 19, lenye lulu za Ghuba zaidi ya milioni moja. Waliozizamia walishuka kutoka kwenye majahazi aina ya sambuki. Chemchemi zisogezwe upande mmoja, sambuki moja ishushwe bwawani, na apatikane nahodha mstaafu wa kuisimamia mwaka mzima.