Grambling, timu iliyolelewa kwa mikono ya mtu mmoja

Mwaka 1941, chuo kidogo cha Weusi kaskazini mwa Louisiana kilimwajiri kijana wa miaka 22, Eddie Robinson. Babake alilima shamba la mwenzie kwa kugawana mavuno. Robinson aliifundisha timu ya futiboli ya Kimarekani ya Grambling hadi 1997, akaiachia ushindi mara 408.

Hesabu hiyo ni ya kuvuliwa kofia, lakini mimi huguswa zaidi na mikate. Vijana wake waliposafiri katika Kusini ya ubaguzi, migahawa iliwafungia milango, naye Robinson akawaandalia mikate ya kula njiani. Nyasi za uwanja alikata yeye, mistari akachora yeye. Na msimu wake wa pili tu, 1942, hawakufungwa hata pointi moja!

Zaidi ya wachezaji 200 wa kulipwa walipita kwake. Mmoja wao, Doug Williams, akawa kwotabeki (mpanga mashambulizi) Mweusi wa kwanza kushinda Super Bowl, fainali ya ligi ya kulipwa, Januari 1988. Miaka kumi baadaye akarudi kurithi nafasi ya mwalimu wake.

Watani wa jadi wa Grambling ni chuo cha Southern, cha Baton Rouge. Tangu 1974 pambano lao huitwa Bayou Classic, na karibu kila mwaka hufanyika New Orleans, wikendi ya Sikukuu ya Shukrani. Wakati wa mapumziko watu hawabanduki vitini: bendi za vyuo viwili hushindana kwa tarumbeta na ngoma, na ubishi wa nani kamzidi mwenzie huendelea hadi mwaka unaofuata.