Dirisha Lisiloonekana Halisumbuliwi

Mtumiaji wa Linux anaweza kuweka terminali kumi ndani ya dirisha moja lenye vichupo. Moja iko mbele ya macho yake, tisa zimejificha nyuma. Akishika pembe ya dirisha kwa kipanya na kuivuta, programu inayosimamia vichupo hulazimika kuamua papo hapo: je, hizo tisa nazo ziambiwe?

Uamuzi huo uliachiwa mafundi kwa makusudi. X Window System, mfumo wa kuonyesha madirisha kwenye skrini, ilianza MIT, nchini Marekani, mwaka 1984, na toleo lake la 11 likatoka 1987. Seva yake huchora, lakini haimwamulii mtu namna ya kupanga madirisha. Nafasi hiyo ndiyo iliyomwezesha Tuomo Valkonen wa Finland kuunda Ion, programu ya kupanga madirisha, na baadaye Michael Stapelberg wa Ujerumani kuunda i3, zote zikiwa na vichupo.

Kubadili ukubwa si jambo dogo. Terminali kama xterm ikipewa kipimo kipya huhesabu upya safu na mistari yake. Kisha programu iliyo ndani hupata ishara iitwayo SIGWINCH, na kihariri kama Vim huchora ukurasa mzima upya. Mvuto mmoja wa kipanya huweza kuzaa vipimo vingi mfululizo. Zidisha kazi hiyo kwa terminali kumi, tisa kati yake hazitazamwi na mtu.

Hapa ndipo tabbed, programu ndogo ya mradi wa suckless iliyoandikwa kwa lugha ya C, inapostahili sifa. Ikipata habari kwamba imepanuliwa au kubanwa, hutunza upana na urefu mpya, kisha hulipa kipimo hicho dirisha moja tu: lililo mbele. Mengine husubiri. Kichupo kingine kikichaguliwa, kwanza dirisha lake hupewa kipimo cha sasa, halafu huinuliwa juu, ndipo hukabidhiwa kibodi. Ni kama mama lishe asiyepakua wali kabla mteja hajaketi.

Ustadi huu una gharama, na fundi mwaminifu haifichi. Programu inayoendelea kuchapa matokeo katika kichupo kilichojificha bado huamini ina safu 80 hata kama nafasi imeshakuwa kubwa zaidi. Amri ya ls ikiendeshwa humo hupanga orodha yake kwa upana huo wa zamani. Na dirisha zito likifunguliwa, jicho huweza kunasa mpepeso mfupi kabla halijamaliza kujichora.

Lakini faida hujitokeza wazi pale mtumiaji anapobana dirisha hadi nusu ya skrini ili asome waraka pembeni, kisha akalirudisha lilivyokuwa. Terminali zile tisa, zikifunguliwa baadaye, hukuta kipimo kilekile zilichokuwa nacho. Hakuna mstari wa kupanga upya, na Vim iliyokuwa nyuma haikuchora ukurasa hata mmoja bure.