Mchezo wa Mwenye Ardhi: Ni Nani Aliyefundishwa?

Watu wengi husifu mchezo wa ubao uitwao Monopoly, wakisema ya kuwa humfundisha kijana kazi ya biashara. Sisi twapenda kuupima usemi huo, kwani sifa isiyopimwa ni kama mzigo usiofunguliwa: mchukuzi hajui alichobeba. Basi tutauliza maneno mawili. Kwanza, mchezo huo wafundisha nini? Pili, ni nani afundishwaye zaidi, achezaye au atengenezaye?

Asili yake ni mwanamke wa Marekani, Elizabeth Magie. Mwaka 1904 alipewa na serikali yake hati ya kumlinda mvumbuzi, na mchezo wake akauita Mchezo wa Mwenye Ardhi. Alikuwa mfuasi wa Henry George, mwandishi aliyefundisha kwamba kodi ya ardhi humtajirisha mwenye ardhi pasipo jasho lake, na ya kwamba faida hiyo yawapasa watu wote. Magie hakuhubiri kwa maneno tu. Alichora ubao wa mraba, wachezaji wakauzunguka na kulipa kodi kila walipotua mahali pa mwenzao. Baadaye aliuwekea kanuni za namna mbili. Kwa namna moja, mali ya mmoja iliwafaa wote. Kwa ya pili, mmoja aliwabana wenzake hata wakafilisika. Alitaka watu wacheze zote mbili, waone tofauti kwa macho yao.

Kanuni zilizoenea duniani ni hizo za kubana peke yake. Tukizitazama vema, twaona kasoro tatu. Dadu ndizo zinazompeleka mchezaji, wala si akili yake. Afilisikaye mapema hukaa kando, akitazama wenzake kwa saa nzima. Na kubwa kuliko zote, ndani yake hamna mteja. Mwenye duka wa kweli hupata wateja kwa sababu bidhaa zake ni njema na kipimo chake ni cha haki. Asiporidhika, mteja hupita akaenda duka la pili. Katika mchezo huu dadu humtupa mtu mlangoni pako, naye sharti alipe, apende asipende. Hiyo si biashara, ni kodi. Magie alilijua hilo, na ndilo alilotaka kulionyesha. Basi wausifuo kuwa mwalimu wa biashara wamekisoma kitabu kinyume.

Tukiulinganisha na bao letu, lenye mashimo 32 na kete 64, twaona mchezo usio na dadu. Aliyeshindwa ameshindwa kwa hesabu yake mwenyewe, na wote wawili hucheza hata mwisho. Wala si bure kwamba hatua ya pili ya bao huitwa mtaji, jina moja na fedha ya kuanzia biashara: kete zote zimekwisha ingia ubaoni, hakuna tena ya akiba mkononi.

Twende kwa watengenezaji. Mwaka 1883, huko Marekani, kijana wa miaka 16, George Parker, alitunga mchezo wa karata juu ya kukopa na kukuza fedha. Wachapishaji walipoukataa, alitoa akiba yake, akatumia dola 40 kuchapa michezo 500, akatoka kwenda kuiuza mwenyewe. Aliuza yote isipokuwa 12, akapata faida ya dola 100. Mchezo wake ulikuwa wa fedha za kuwazia, lakini kilichomfundisha ni fedha za kweli: gharama ya karatasi, kukataliwa mlangoni, na ile michezo 12 iliyobaki. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Mchezo wa Magie nao ulipita mikononi mwa watu, kila mahali wakichora ubao wao kwa majina ya mitaa yao. Charles Darrow, mtu wa Philadelphia aliyekosa kazi, alifundishwa na rafiki zake ubao wenye mitaa ya Atlantic City. Alitengeneza nakala kwa mkono, akaziuza, na mwaka 1935 kampuni ya Parker ikaununua mchezo kwake kana kwamba ni wake. Lakini ubao ulimshuhudia. Mtaa wa Marven Gardens uliandikwa Marvin, kosa lilelile lililokuwa katika ubao wa rafiki yake. Mwizi wa mfano huiba hata makosa. Darrow alipata utajiri. Magie alipewa dola 500 kwa hati yake, pasipo fungu lolote la mauzo. Mcheza kwao hutunzwa, lakini huyu alicheza kwao asitunzwe.

Hatusemi Darrow hakufanya kazi. Alichora, aliuza, alivumilia kukataliwa na kampuni hiyohiyo mwaka 1934. Bidii yake ni ya kusifiwa. Kunyamaza kwake juu ya waliomtangulia si kwa kusifiwa.

Hukumu yetu ni hii. Kuucheza mchezo wa biashara hufundisha kidogo. Kuutengeneza na kuuza hufundisha mengi. Walimu wasitafute ubao wa kununua. Wawape watoto kipande cha mbao, mkaa na mbegu, wachore safari ya mkulima toka shamba hata soko, waweke ndani yake mvua, ushuru, na mteja awezaye kukataa. Kisha wawape wengine wacheze, nao wakae kimya wakitazama ni wapi wachezaji wanachoka na wapi wanagombana. Hapo ndipo pa kusahihisha. Na wakifika kuuza, waandike gharama katika daftari, na juu ya ubao waandike jina la kila aliyetoa shauri.