Duka la Ramu la Barbados

Duka la ramu ni baa ndogo ya mtaani katika kisiwa cha Barbados, aghalabu nyumba ya mbao iliyopakwa rangi kali, kando ya barabara. Ramu yenyewe hutokana na molasi ya miwa, na kisiwa hiki kimeitengeneza tangu karne ya 17. Hati ya kiwanda cha Mount Gay ni ya mwaka 1703.

Maduka mengi ya aina hii yaliuza pia unga, mchele na mafuta ya taa, hata kwa mkopo. Ndiyo maana mteja hadi leo huingia kama aingiaye kwa jirani. Ramu hununuliwa kwa chupa ndogo, huletwa pamoja na barafu na bilauri, wanywaji wakamiminiana. Pembeni kuna mkate wenye jibini au nyama ya nguruwe, na meza ya dhumna ambapo kete hupigwa kwa kishindo hadi bilauri zikacheza.

Ponchi ya ramu hufuata kipimo cha kale: ndimu sehemu moja, shira mbili, ramu tatu, maji nne, kisha kungumanga ikakunwa juu.

Abiria wa meli za kitalii hushuka Bridgetown asubuhi, na meli nyingi hung'oa nanga jioni. Anayelala kisiwani Ijumaa hupata pia Oistins, soko la wavuvi ambako samaki huchomwa na muziki hupigwa hadi usiku. Lakini uungwana wa Barbados huonekana wazi zaidi dukani, saa tisa alasiri, mgeni anaposogezewa kiti mezani pa dhumna.