Bibi Meed na kahawa ya butura

Anapotajwa mshairi wa Kiingereza wa karne ya 14, anayetajwa ni Geoffrey Chaucer, na sababu inaeleweka: Chaucer anachekesha. Mtawa wake mkuu anayejivunia Kifaransa, kumbe ni Kifaransa cha Stratford, kando ya London, wala si cha Paris, bado anatuchekesha baada ya miaka 600. Ila kicheko kile ni cha mtu wa ikulu anayesikiliza lafudhi ya mwenzake. Hakimuumi mtu. Kwa msomaji wa Karagwe au Kyerwa, naona William Langland ana la kusema zaidi katika utenzi wake mrefu, Piers Plowman. Yeye hakuhangaika na lafudhi. Alishika neno moja akalibana.

Neno lenyewe ni meed. Zamani zile liliweza kumaanisha ujira, tuzo, na hongo pia. Langland analifanya mwanamke: Bibi Meed, mwenye mavazi mekundu na pete za thamani, anayekaribia kuolewa na Uongo. Anapopelekwa Westminster mbele ya mfalme, mahakimu wanambembeleza asihuzunike. Mtawa ombaomba anamwondolea dhambi, kisha anamdokeza kwamba akigharamia kioo cha dirisha, jina lake litachorwa pale. (Aliyewahi kukaa kwenye harambee ya kanisa majina yakisomwa hahitaji maelezo.) Mfalme anataka kumwoza kwa Dhamiri. Dhamiri anakataa, na hoja yake ni ya lugha: kuna thawabu ya Mungu, na kuna hongo, lakini ujira wa kibarua na bei ya bidhaa si meed hata kidogo. Hayo ni malipo, kitu kwa kitu.

Sisi tulikuwa na Bibi Meed wetu, tena ndani ya sheria. Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu takrima, neno lililo ndugu wa damu na ukarimu. Hadi Mahakama Kuu ilipoamua, Aprili 2006, kwamba vifungu vile vinakiuka Katiba, chakula cha mgombea kilikuwa desturi njema ya kumkirimu mgeni. Ni nani angemwita mkarimu mla rushwa?

Huku kwenye kahawa neno ni butura. Mkulima anauza mavuno yakiwa bado mtini, pengine ni maua tu, kwa bei ya kutupa, maana ada ya shule na ugonjwa havingoji msimu. Viongozi hulikemea neno hili kila mwaka. Langoni kwa mkulima, hata hivyo, hali ni nyingine: mwenye fedha anapokelewa kama msaidizi, anaombewa baraka, anapewa kiti. Fedha ile inavaa vazi la msaada kama Bibi Meed anavyovaa nyekundu. Swali la Dhamiri linafaa kuulizwa palepale: hiki ni kitu kwa kitu? Gunia la Julai kwa noti chache za Januari?

Langland aliijua miezi hiyo. Katika utenzi wake Njaa anaingia kijijini mwenyewe, watu wanakula maharage na mkate wa pumba hadi mavuno mapya. Kurasa hizo ni bora kuliko lolote la Chaucer kuhusu maskini. Kisha mavuno yanafika, na mshairi anawageukia vibarua wanaodai chakula cha moto na ujira mkubwa zaidi, kana kwamba sheria ya mwaka 1351 iliyobana ujira wao ilikuwa ya haki. Hapo simfuati. Mtu aliyemvua nguo Bibi Meed mbele ya mfalme hakuona kwamba bei iliyowekwa na mwenye nguvu si kitu kwa kitu.

Wakulima wenyewe walimsoma, au walimsikia, kwa namna yao. Mwaka 1381 walipoasi, jina la Piers lilikuwa ndani ya barua za padri John Ball, aliyenyongwa Julai mwaka huohuo. Walimchukua mshika plau, wakamwachia Langland maonyo yake.